Mali Bila Daftari: Maneno Machache Juu ya Uendeshaji wa Baraza la Parokia

Hotuba kwa wajumbe wa mabaraza ya parokia kutoka Kitengela, Isinya na Kajiado

 

Nimeombwa niseme juu ya uendeshaji wa baraza la parokia. Najua wapo kati yenu wanaojiuliza, je, wapenda mageuzi wana shughuli gani na kamati ya kanisa? Si wao ndio wa kusema juu ya Katiba, Bunge na kura? Jibu langu ni fupi. Mtu hujifunza utawala mahali padogo kabla hajaupeleka mahali pakubwa. Mwenye kuzoea kukaa katika baraza lisilo na kumbukumbu, lisilosoma hesabu na lisilobadili mwenyekiti, hatashangaa akiyaona hayo hayo katika kaunti yake. Na mwenye kuzoea kuuliza kanisani, kwa heshima na bila woga, "Risiti iko wapi?", atauliza vivyo hivyo mbele ya gavana.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hilo ndilo hotuba yangu yote. Yatakayofuata ni ufafanuzi tu.

Somo la mlolongo

Wenye umri mtakumbuka. Mwaka 1986 KANU, chama pekee kilichoruhusiwa na sheria wakati ule, kiliamua kwamba katika kura za mchujo wapiga kura wapange foleni nyuma ya mgombea wao au mwakilishi wake. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa kuwa amepita bila kupingwa. Viongozi wa makanisa walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kupinga, na hoja yao ilikuwa ya kichungaji: mchungaji anayesimama hadharani nyuma ya mgombea mmoja amewapa kisogo kondoo wake walio katika mstari wa pili. Mwaka 1988 mlolongo ulitumika, na watu wakashuhudia mstari mrefu ukitangazwa kuwa mfupi, na mfupi kuwa mrefu. Hapakuwa na karatasi ya kuhesabu tena. Watu walipokwisha kutawanyika kwenda makwao, ushahidi ulitawanyika pamoja nao.

Askofu Alexander Muge, Askofu Henry Okullu, Askofu David Gitari, Askofu Ndingi Mwana a'Nzeki na Mchungaji Timothy Njoya walisema wazi wakati ambapo kusema kulikuwa na gharama. Desemba 1990 mkutano wa KANU ulipokea ripoti ya kamati iliyoongozwa na Profesa George Saitoti, aliyekuwa Mbunge wa Kajiado Kaskazini, na mlolongo ukaondolewa. Desemba 1991 kifungu cha 2A kilichofanya nchi kuwa ya chama kimoja kilifutwa, na tarehe 29 Desemba 1992 Wakenya wakapiga kura chini ya vyama vingi.

Sasa ndugu zangu, naomba kila mmoja ajiulize kimoyomoyo: baraza la parokia yangu lilichaguliwa vipi? Je, si kwa kusimama baada ya ibada, mwenyekiti wa zamani akiwa mbele anatazama, na mtu akauliza, "Nani anapinga?" Nani atapinga mbele ya mzee aliyemsimamia harusi? Huo ni mlolongo. Tofauti ni kwamba huu wetu tunaufunga kwa sala.

Daftari na ardhi ya Kajiado

Hakuna watu wanaopaswa kuelewa nguvu ya daftari kuliko watu wa Kajiado. Mwaka 1968 ilitungwa sheria ya wawakilishi wa makundi, na kwa sheria hiyo ardhi ya malisho ikawekwa katika ranchi za makundi. Kila ranchi ilikuwa na rejista ya wanachama na kamati ya wawakilishi. Kwa jumla walioandikwa walikuwa wanaume wenye miji. Wake zao hawakuandikwa, na vijana wengi waliokua baadaye wakakuta rejista imefungwa. Ranchi ya Kitengela, yenye takriban hekta 18,000 na wanachama 214, iligawanywa mwaka 1988. Siku ile hakuna aliyeuliza nani alichunga hapa tangu utotoni, wala nani alizika wazazi wake hapa. Liliulizwa swali moja tu: jina lako limo?

Na huko Iloodo-Ariak tuliona upande wa pili wa jambo hilo hilo, ambapo majina ya watu wasio wa mahali pale yaliingia katika rejista, na wenyeji wakahangaika miaka na miaka kudai ardhi ya baba zao.

Sheria ya 1968 ilifutwa na sheria ya ardhi ya jamii ya mwaka 2016. Sheria hii mpya inasema kwamba mkutano wa jamii ni wa watu wazima wote, wanaume kwa wanawake. Kwamba akidi yake ni theluthi mbili. Na kwamba mkutano huo huchagua kamati ya watu 7 hadi 15. Ni sheria nzuri. Lakini kwa Kitengela ilikuja miaka 28 baada ya kugawanywa. Noonkopir ya zamani imekuwa mji. Sensa ya 2009 ilihesabu watu zaidi ya 58,000 mjini Kitengela. Ile ya 2019 ikahesabu zaidi ya 154,000.

Wamaasai wana enkiguena, mkutano wa kushauriana, ambapo jambo huzungumzwa kwa saburi hadi watu wakubaliane, na maamuzi hukaa katika kumbukumbu za wazee. Saburi hiyo tuishike sana. Lakini mji wa watu 154,000, ambao wengi wao walifika juzi kutoka kila pembe ya nchi, hauwezi kuendeshwa kwa kumbukumbu za wazee peke yake.

Ungamo langu

Nisijifanye mwalimu asiye na makosa. Miaka mingi iliyopita nilikuwa katibu wa kanisa dogo ambalo sitalitaja. Tulifanya harambee, akina mama wakauza maziwa na kuku, tukanunua nusu ekari. Baada ya ibada, chini ya mgunga, tukakubaliana kwamba hatimiliki iandikwe kwa jina la mzee mmoja, kwa sababu alikuwa mwaminifu na kwa sababu kumwandikisha mtu mmoja kulikuwa rahisi. Mimi nilikuwa na kalamu mfukoni. Sikuandika neno.

Mzee yule alikuwa mwaminifu kweli, hadi kufa kwake. Alipofariki, wanawe walifungua sanduku wakakuta hatimiliki ya baba yao. Walikuja kwetu kwa adabu wakauliza, "Mna karatasi gani?" Nilienda nyumbani nikapekua. Nilipata ratiba ya kwaya, nikapata orodha ya vikombe vya chai. Kumbukumbu za siku ile hazikuwapo, wala orodha ya waliotoa. Akina mama walijua kila mmoja alitoa shilingi ngapi, lakini hakuna aliyewaandikia.

Baada ya miaka minne ya vikao tulipewa robo ekari, na robo ya pili ina nyumba za kupangisha hadi leo. Mzee hakuiba, wala wanawe hawakuiba. Aliyepoteza mali ya kanisa ni katibu aliyekuwa na kalamu mfukoni.

Baraza ni nini, na si nini

Kabla ya lolote, someni katiba au kanuni za kanisa lenu. Katika Kanisa Katoliki, sheria ya mwaka 1983 inasema katika kanuni ya 536 kwamba baraza la kichungaji la parokia huongozwa na paroko, na kura yake ni ya ushauri. Kanuni ya 537 inaagiza kwamba kila parokia iwe na baraza la fedha. Hapo hakuna hiari. Waanglikana na Wapresbiteri wana taratibu zao, na mamlaka ya wazee wa kanisa kwao si sawa na ya Wakatoliki. Mjumbe asiyejua mipaka ya baraza lake ama atanyamaza asipostahili kunyamaza, ama atagombana na padre juu ya jambo lisilo lake.

Wengine hudhani kwamba kura ya ushauri ni kura ya bure. Sivyo. Ushauri uliotolewa kikaoni, ukaandikwa na kutiwa sahihi, hauwezi kusemwa baadaye kwamba haukutolewa. Maaskofu wa Afrika Mashariki, katika mikutano yao ya mwaka 1973 na 1976 jijini Nairobi, walichagua kulijenga Kanisa juu ya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Maana yake ni kwamba neno la mama wa Noonkopir linatakiwa lipande kutoka jumuiya yake hadi meza ya paroko. Baraza ni ngazi ya kupandia neno hilo, na ngazi iliyokatika humwacha mtu chini.

Mambo saba ya kushika

Kwanza, rejista ya waumini. Andikeni kila mtu mzima, jumuiya yake na mwaka alioingia. Msiwasahau wapangaji, mayaya, walinzi, wafanyakazi wa viwanda vya Athi River wanaolala Kitengela, wala wachungaji wa mifugo wanaohama na mvua. Rejista ipitiwe kila mwaka, isomwe hadharani kabla ya uchaguzi, na asiyeona jina lake apewe nafasi ya kudai.

Pili, uchaguzi. Uwe wa kura ya siri, wenye kipindi kinachojulikana na kikomo kinachofuatwa. Miaka mitatu, na si zaidi ya vipindi viwili, inatosha. Anayegombea asihesabu kura. Kura zihesabiwe mbele ya watu na matokeo yaandikwe pale pale. Katiba ya 2010 inataka jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa vya umma. Kanisa lisingoje kulazimishwa. Mwanamke asiwe wa kupika chai ya kikao tu. Awe mweka hazina, awe mwenyekiti.

Tatu, taarifa na ajenda. Mwito wa mkutano utoke angalau siku saba kabla, pamoja na orodha ya mambo yatakayojadiliwa. Jambo zito kama la ardhi au deni lisiingizwe chini ya "mengineyo" jioni watu wakiwa wamechoka. Akidi ijulikane, na isipotimia pasifanyike uamuzi. Mahali ambapo wazee wetu hawakisikii Kiswahili vizuri, pawe na mkalimani wa Kimaa.

Nne, kumbukumbu. Zisiwe ndefu. Andikeni tarehe, mahali, waliohudhuria, walioomba udhuru, na kila azimio kwa namna hii: "Iliazimiwa kwamba parokia inunue tangi la maji kwa bei isiyozidi kiasi kilichotajwa. Aliyependekeza ni fulani, aliyeunga mkono ni fulani. Kura za ndiyo 14, za la 3. Atakayetekeleza ni fulani, kabla ya tarehe fulani." Andikeni pia maoni ya wale watatu waliokataa, maana huenda mwakani wakaonekana walikuwa na haki. Kikao kinachofuata kianze kwa kuzisoma, kuzisahihisha na kuzitia sahihi. Kitabu kiwe daftari lililofungwa lenye kurasa zilizotiwa nambari, lisiwe karatasi za kupeperuka, na likae katika afisi ya parokia, si nyumbani kwa katibu.

Tano, fedha. Sadaka ihesabiwe na watu wawili au watatu wasio wa nyumba moja, kabla haijatoka kanisani, na wote watie sahihi. Kila shilingi iingie benki kabla ya kutumika. Hundi iwe na sahihi mbili, na asiwepo mtu anayetia sahihi hundi ya kumlipa yeye mwenyewe. Kama mnapokea kwa simu, nambari iwe ya parokia, si ya mweka hazina; simu ya mtu ikipotea au akigombana nanyi, hazina ya kanisa imekwenda naye. Hesabu zisomwe kwa waumini kila robo mwaka na kubandikwa mlangoni, na mara moja kwa mwaka zikaguliwe na mtu asiye mjumbe wa baraza.

Sita, mali na ardhi. Wekeni rejista ya mali: viti, spika, tangi, ng'ombe wa sadaka, na kila kiwanja. Ardhi iandikwe kwa jina la wadhamini waliosajiliwa wa kanisa, kamwe isiandikwe kwa jina la mtu hata akiwa mtakatifu. Kabla ya kununua, nendeni katika afisi ya ardhi mkahakikishe nani ni mwenye ardhi na kama ina deni au kizuizi. Kisha mwoneni mpima ardhi, mzungumze na majirani, na mwoneni mke wa muuzaji. Nakala za hatimiliki zikae mahali pawili.

Saba, mgongano wa maslahi. Mjumbe mwenye lori la mchanga asikae katika kikao kinachochagua muuza mchanga. Aseme wazi, atoke nje, na kumbukumbu ziandike kwamba alitoka. Hilo halimfanyi mwizi, bali linamlinda asiitwe mwizi.

Kwa hayo yote mnahitaji madaftari manne tu: la waumini, la kumbukumbu, la fedha na la mali. Bei yake haifiki bei ya mbuzi.

Kutoka parokiani hadi kaunti

Baraza lililojizoeza hivyo lina kazi nje ya ua wa kanisa. Hadi mwaka 2013 mambo yetu yaliamuliwa na Baraza la Kaunti ya Olkejuado chini ya serikali kuu. Tangu hapo tuna serikali ya kaunti, na bunge lake lenye wadi 25 za kuchagua wawakilishi. Katiba, katika kifungu cha 196, inalitaka bunge la kaunti lifanye kazi zake hadharani na kuwashirikisha wananchi. Kifungu cha 201 kinataka uwazi katika fedha za umma. Lakini haki isiyodaiwa kwa wakati wake hupita kama mvua ya usiku. Basi andikeni tarehe hizi ukutani mwa afisi ya parokia: mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa bungeni kabla ya tarehe 1 Septemba, mkakati wa fedha kabla ya 28 Februari, makadirio ya bajeti kabla ya 30 Aprili. Anayekuja Juni kulalamika kwamba barabara yake haimo amekuja baada ya nyama kugawanywa.

Teueni watu wawili, mmoja wao akiwa mwanamke au kijana, wahudhurie kila mkutano wa umma wa wadi wakiwa na kalamu, na Jumapili inayofuata wawaeleze waumini yaliyosemwa. Mkitaka hati ya umma, kwa mfano mkataba wa kujenga zahanati, kifungu cha 35 kinawapa haki ya kuipata. Sheria ya mwaka 2016 ya kupata habari inaitaka afisi ijibu kabla ya siku 21 kupita. Andikeni barua, nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa, na mhesabu siku. Mkinyimwa, lipelekeni shauri kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Hapa nawaonya juu ya mambo mawili. La kwanza, baraza lisiwe tawi la chama chochote, kile cha serikali wala kile cha upinzani. Tulipigania vyama vingi ili mtu awe huru kuchagua, na baraza lenye chama kimoja limerudi mwaka 1988. La pili ni bahasha. Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Kianglikana aliwazuia wanasiasa kuhutubu katika ibada. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilitangaza kurudisha michango ya wanasiasa, pamoja na ya Rais mwenyewe. Maamuzi hayo yalifanywa na wakubwa, lakini utekelezaji wake uko mikononi mwa mweka hazina wa parokia, Jumapili, gari kubwa likiwa mlangoni na paa la kanisa likiwa halijakwisha. Akiwa na azimio lililoandikwa na kutiwa sahihi, ana ukuta wa kuegemea. Asipokuwa nalo, yuko peke yake mbele ya mheshimiwa.

Neno la mwisho

Ndugu zangu, wapo watakaosema kwamba karatasi hizi zinaua roho ya udugu, kwamba kumwomba mzee sahihi ni kumshuku. Mimi nawaambia, tulimwamini mzee wetu chini ya mgunga, na kwa kutomwandikia tuliwaachia wanawe fitina ambayo yeye hakuitaka. Kama ningeandika mistari mitano siku ile, jina lake lingetajwa leo kwa shukrani katika kanisa lile. Badala yake linatajwa kwa kunong'onezana.

Basi mkirudi makwenu, msingoje uchaguzi ujao wala semina nyingine. Jumapili ijayo mwombeni katibu alete kitabu cha kumbukumbu, asome maazimio ya kikao cha mwisho, na mwulize ni yapi yaliyotekelezwa. Kama kitabu hakipo, nunueni Jumatatu, na ukurasa wa kwanza uwe orodha ya kila kipande cha ardhi ambacho kanisa lenu linakalia, pamoja na jina lililo katika hatimiliki. Huenda mkaona jina la mtu. Kama bado yu hai, mwendeeni wiki hiyo hiyo, kwa heshima, mkiwa na mwanasheria na kalamu.

 Mungu aibariki Kajiado, na Mungu aibariki Kenya.